Dawa ya tansio ya macho si ya kubadilishiwa ovyo pale farmasi

Bwana Mhariri,

Jambo sana na poleni na kazi. Nilisoma ule ukurasa wenu wa mwezi wa tatu kuhusu glokoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuona, mara nyingi kwa sababu tansio, yaani presha, imepanda ndani ya jicho), mliandika vizuri kwamba watu waende kupimwa mapema, kwamba ugonjwa wenyewe mara nyingi hauumi, kwamba macho yanaanza kupotea pembeni na mtu hajui mpaka siku anagonga mlango na bega. Kweli tupu. Ila mliishia pale mgonjwa anatoka kwa dokta na ordonansi (karatasi ya dawa) mkononi, na miye naona pale njo shida inaanza, sababu hapa Bukavu nawajua watu walipimwa zamani, kachupa kako nyumbani, na macho yanaendelea kwenda.

Baba yangu amepita miaka 70, ana glokoma macho yote mawili na pumu anayo toka ujana. Dokta wa macho alimwandikia latanoprosti, dawa ya matone ya kuteremsha tansio ya jicho, tone moja kila jicho usiku, basi, na akasema mbele yetu wote kwamba huyu mzee asipewe timololi, aina nyingine ya matone ya glokoma, kwa ajili ya kifua chake. Mwaka jana dawa ikaisha, mdogo wangu akatumwa farmasi moja (siitaji hapa), akaambiwa ile haiko lakini chukua hii, nayo ni ya tansio ya macho, ni kitu kimoja, tena bei yake nafuu. Mama akamwekea asubuhi na jioni vile ilikuwa imeandikwa. Usiku wa pili mzee amekaa kitandani ameegemea ukuta, kifua kinalia filimbi, anaanza kusema neno hamalizi. Nikachukua kikasha nikamulika na telefone, chini ya lile jina kubwa la rangi kuna herufi ndogo sana: timololi 0.5%. Tukaacha dawa palepale, tukamkimbiza hospitali, wakamsaidia akapata pumzi. Tuliporudi kwa yule muuzaji akashangaa kabisa, "Lakini mama, hii ni ya macho tu, si ya kunywa."

Sasa hiyo "ya macho tu" njo inaniudhi, sababu tone halibaki kwenye jicho. Kuna katundu kadogo pembeni ya pua ambako machozi yanapita, dawa nayo inapita hapohapo inashuka puani na kooni (njo maana wengine wanasikia ladha chungu mdomoni), inaingia damuni bila kupitia kwanza kwenye ini kama kidonge. Na timololi ni ya ukoo mmoja na zile dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, kwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua, kwa mwenye moyo unaopiga polepole inaweza kuuteremsha zaidi. Sisemi ni dawa mbaya! Watu wengi wanaitumia miaka na miaka na inawalinda. Nasema muuzaji aulize maswali mawili kabla ya kutoa, una pumu, una shida ya moyo, na kama kilichoandikwa hakiko aseme hakiko, arudishe mtu kwa dokta wake.

Tena kuna jambo lingine linaniogopesha kuliko hilo. Latanoprosti yenyewe inaweza kufanya macho yawe mekundu, hasa mwanzoni, na kope zinarefuka, na rangi ya lile duara linalozunguka mboni inaweza kukolea zaidi. Mtu anaona wekundu anasema nimepata ugonjwa mwingine, anashuka sokoni Kadutu au anavuka daraja la Ruzizi mpaka Kamembe kule Rwanda, anaomba "dawa ya macho mekundu" na anapewa ile ya antibiotiki imechanganywa na kortizoni (dawa kali ya kutuliza uvimbe), deksametasoni kwa mfano. Wekundu unaisha haraka, anafurahi, anaweka kila siku. Kumbe kortizoni ya macho ikitumika wiki kwa wiki bila dokta inaweza kupandisha tansio ya jicho, ileile anayopigana nayo na kachupa kengine! Hata mtu ambaye hakuwa na glokoma anaweza kuipata kwa njia hiyo. Kwa hiyo usome lile jina la herufi ndogo, la dawa yenyewe, si jina la kibiashara, maana majina ya kibiashara yanabadilika ukivuka daraja na unaweza kujikuta na vikasha viwili tofauti, ndani dawa moja, unajiwekea mara mbili. Na latanoprosti kuiweka zaidi ya mara moja kwa siku haiongezi nguvu, inaweza hata kuipunguza.

Halafu namna ya kuweka. Nimeona watu wanainua kichwa wanamwaga kama wanamwagilia lengalenga (mchicha) shambani, matone matatu manne, yanateremka shavuni, hela inapotea. Jicho haliwezi hata kubeba vizuri tone moja kubwa. Unanawa mikono, unaegemeza kichwa nyuma, unavuta kope la chini mpaka linafanya kamfuko, unaangalia juu, tone moja, na ile ncha ya chupa isiguse jicho wala kope wala kidole, sababu ikigusa uchafu unaingia ndani na kesho unajiwekea wadudu wako mwenyewe. Unafunga jicho taratibu, usipepesepepese, na unabana na kidole kona ya ndani karibu na pua dakika moja au mbili. Hiyo kubana njo wengi hawajaonyeshwa, na ndiyo inayopunguza dawa kukimbilia damuni, nyingi inabaki pale inatakiwa. Kama una dawa ya pili subiri dakika 5, la sivyo ya pili inaosha ya kwanza. Mzee kama mikono inatetemeka alale chali mtu amwekee, hakuna haya.

Kachupa ka latanoprosti ka mililita 2.5 kana matone kama 80, macho mawili kwa wiki nne ni 56, kwa hiyo kanatosha na kanabaki. Kinachobaki wiki nne zikiisha unatupa hata kama roho inauma, maana hata dawa iliyowekewa kinga ya wadudu haikai safi milele, na usimpe jirani eti naye macho yanamsumbua. Kabla ya kufungua inatakiwa frigo, ikishafunguliwa inaweza kukaa nje isipite digrii 25, hapa kwetu baridi inatusaidia, ila ukiikuta farmasi imepangwa dirishani jua linaipiga, tafuta kwingine.

La mwisho linahusu wazee wetu wanaosema "naweka lakini sioni tofauti". Hutaiona, baba. Dawa hii hairudishi kilichokufa, inalinda kilichobaki, na ukiacha wiki mbili hutasikia maumivu wala kitu na jicho linaendelea kuharibika. Wengine wanaacha mwezi mzima, halafu siku mbili kabla ya randevu wanaweka kwa bidii, dokta anapima anakuta tansio imeteremka anaandika iko sawa, wamemdanganya dokta na wamejidanganya wenyewe. Kama umekosa hela au dawa inakuchoma mwambie, ziko za aina nyingine na kuna operesheni pia. Na sisi watoto na wadogo wa mgonjwa tuende tupimwe, glokoma inatembea kwenye familia, miye nimeshaenda na mdogo wangu nimemvuta kwa nguvu.

Basi Mhariri naomba ukurasa ujao mtafute mfamasia na dokta wa macho muwakalishe pamoja, muwaulize kwa nini mgonjwa anapewa kachupa bila mtu kumwonyesha hata mara moja jinsi ya kuweka. Na wenye farmasi mkisoma hii, siku mnauza andikeni juu ya kikasha "tupa wiki nne baada ya kufungua", kalamu mnayo, bei mnaiandikaga hapohapo.

Msomaji wenu,
Bagira, Bukavu