Veiqia si mtindo wa kale uliorudi

Mhariri,

Makala yenu juu ya tojo, yaani tatuu, za wanawake wa Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na ukili mkononi. Nashukuru kwamba mmeiandika. Lakini mmeliita jambo hili "mtindo wa kale uliorudi", na hapo siwezi kunyamaza.

Jina lake ni veiqia. Q ya Kifiji husomwa kama ng ya "ngoma", kwa hiyo msomaji wetu atalitamka bila taabu. Lilikuwa jambo la wanawake tangu mwanzo hadi mwisho: anayetojwa mwanamke, anayetoja mwanamke, naye fundi huyo huitwa daubati. Binti akishavunja ungo alipelekwa faraghani, mahali pengine pangoni. Fundi alishika kijiti chenye mwiba wa mlimau au meno ya mfupa, akakigonga kwa kijiti kingine, taratibu, wino wa masizi ukapenya ngozini. Nakshi zilijaa kinenani na makalioni, na kwa wengine mikononi na pembeni mwa mdomo. Kisha binti alivishwa liku, sketi ya nyuzi za mimea iliyotengenezwa na wanawake wenzake, ikafunika sehemu kubwa ya kazi ile. Pambo gani la kujionyesha hilo, linalofunikwa mara tu linapokamilika? Sisi wa pwani tuliopita mikononi mwa somo na kungwi tunaelewa: binti alikuwa anaingizwa utu uzimani, na walioshuhudia ni wale waliomtangulia.

Wamisionari wa Kimethodisti walifika Lakeba, kisiwa kimoja cha Fiji, mwaka 1835. Chifu Cakobau akaingia Ukristo mwaka 1854, na mwaka 1874 visiwa vikawa koloni la Uingereza. Liku ikahesabiwa kuwa uchi, tojo ikahesabiwa upagani, na mafundi wakazeeka bila wanafunzi. Vifaa na michoro, pamoja na ile aliyokusanya Mzungu Anatole von Hügel miaka ya 1870, vikaishia makumbusho, vingine Cambridge, Uingereza, mbali kabisa na wajukuu wa wenyewe.

Kuanzia mwaka 2015 kikundi cha wanawake wenye asili ya Fiji, wasanii na watafiti waliokuwa wakiishi New Zealand na Australia, wakajiita Veiqia Project na kwenda kuvitafuta vifaa na michoro hiyo. Ndani yake wamo Tarisi Vunidilo, Dulcie Stewart, Luisa Tora na Joana Monolagi, fundi wa masi, kile kitambaa cha gome la mti wa jamii ya mforosadi. Walikwenda Suva, mji mkuu, kwenye Makumbusho ya Fiji, wakavitazama vitu hivyo kwa karibu, wakaulizana, na mwaka 2016 wakafanya maonyesho Auckland, New Zealand. Makala yenu haikutaja jina hata moja kati ya hayo. Mlitaja nakshi tu, kana kwamba zilijirudisha zenyewe.

Na mkeka mmeuruka kabisa, ilhali huo haukufa. Wanawake wa Fiji husuka voivoi, mmea wa jamii moja na mkadi wetu. Majani yanatolewa miiba, yanachemshwa, yanaanikwa juani, yanaparwa mpaka yalainike, ndipo yanachanwa. Mimi nasuka ukindu kuwa ukili, kisha nashona ukili kwa ukili hadi mkeka utimie. Wao husuka mkeka mzima kwa mara moja, hakuna mshono, na kingoni wanaweka shada za sufu za rangi kali. Nilipoona picha ya mkeka wa namna hiyo nilihesabu mistari kwa kidole nikashindwa kujua ulipoanzia. Mikono inayojua kazi hiyo haijapoteza kila kitu. Ukitaka kufufua liku, unaanza na wanawake wanaojua nyuzi, waliokaa chini pamoja, mabinti pembeni wakitazama. Ndiyo maana naiona sanaa ya jamii kuwa njia sahihi kuliko chumba cha mtoja tatuu wa mjini.

Nakshi hizi zina wenyewe. Mwaka 2013 Wafiji wengi walilalamika shirika lao la ndege lilipotaka kusajili nakshi 15 za masi kuwa alama zake za biashara. Walikuwa na haki. Kwa hiyo nimeudhika kuona mmeweka pembeni mwa makala mchoro wa kukata, "ujaribu nyumbani". Tafadhali msirudie. Mchoro ule ni wa mabinti na wa ukoo wao. Msichana wa huku akitaka kujichora, tunayo hina na tunao piko.

Mkiandika tena, watafuteni hao kina mama wenyewe waseme, na muweke picha ya mikono yao ikiwa kazini.

Msuka mikeka,
Wete, Pemba