Shangazi, kabla hamjalipa ile meli

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu. Binti yako ameniambia chama chenu cha akiba kimekata shauri: mwaka huu hakuna sufuria wala mablanketi, pesa za Desemba zinapanda meli ya matembezi. Nimefurahi kweli. Kisha akanitumia picha ya lile tangazo, dola 299 kwa mtu, siku nne baharini kutoka Durban, Afrika Kusini, chakula humo humo, na furaha yangu ikapungua kidogo. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si chama chenu peke yake kilichotumiwa tangazo la namna hiyo.

Wewe umepangisha watu mtaani Umoja miaka mingi, utanielewa upesi. Langoni umeandika kodi elfu kumi na mbili. Mpangaji akiingia anasomewa maji, taka, mlinzi na amana ya stima. Hujamdanganya, lakini elfu kumi na mbili si pesa ya kuishi pale. Sasa safari hii mpangaji ni wewe.

Tuanze na hesabu ya vichwa, maana hapo ndipo mtakapoumia kwanza. Bei za meli hutajwa kwa mtu mmoja, ila sharti lake ni kwamba chumba wanalala wawili. Nyinyi mko saba. Huyo wa saba akilala peke yake, meli nyingi humtoza karibu nauli mbili, kwa kuwa kitanda cha pili kimekaa bure. Afadhali mgawane wawili, wawili, watatu. Mtu wa tatu chumbani aghalabu hulipa pungufu, ingawa mara nyingi kitanda chake ni kile kinachoshushwa kutoka ukutani na kupandwa kwa ngazi. Amueni mapema ni magoti ya nani yatakayopanda. (Naona vidole tayari vinamwelekea mweka hazina.)

Halafu kuna bakshishi. Usidhani ni noti unayomwachia mhudumu ukitaka. Kwenye meli nyingi inaingizwa yenyewe kwenye bili, kila mtu, kila siku, uwe umekula umeshiba au umeshinda kitandani na kichefuchefu. Tuseme ni dola 12 tu: watu saba, siku nne, inafika dola 336, shilingi 43,000 na ushee. Pesa hizo hazimo kwenye tangazo. Wakati mwingine hata ushuru wa bandari haumo. Mwambie wakala akuandikie jumla ya mwisho pamoja na bakshishi na ushuru wote. Uwe ujumbe wa maandishi, si maneno ya simu.

Mimi nilijifunza kwa gharama yangu mwaka juzi, nilipopanda meli Dubai na mke wangu. Ndani hushiki pesa. Unapewa kadi ya chumba, inapitishwa kwenye kimashine, unatabasamu, unaondoka. Siku ya kwanza tulikuta chupa mbili za maji juu ya meza, zimevishwa kikaratasi shingoni kama kitambulisho cha mwanafunzi. Tukajua ni zawadi, tukanywa. Bei ilikuwa upande wa nyuma wa kikaratasi. Usiku wa mwisho bili ikapenyezwa chini ya mlango, na maji yale yalikuwa mstari wa kwanza. Chini yake kulikuwa na shati mbili zilizofuliwa, picha tuliyopigwa tukipanda ngazi, na soda moja iliyoongezewa ada ya huduma juu ya bei yake. Kibaya zaidi, kadi yangu ya benki ilikuwa imezuiliwa pesa tangu siku ya kwanza, kama dhamana, na zilizobaki zilikaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Nilitua Nairobi nikakopa ya teksi. Kwa hiyo uliza kama mnaweza kuweka dhamana taslimu, na kila jioni pita mapokezi uombe kuona bili imefika wapi.

Kifurushi cha vinywaji achaneni nacho. Meli nyingi hudai mtu mmoja akikinunua, watu wazima wote wa chumba hicho wanunue, na nyinyi ni watu wa chai. Chai na maji ya kwenye bufe kwa kawaida hayalipiwi. Vyakula vya bufe na ukumbi mkuu vimo kwenye nauli. Ile mikahawa midogo yenye taa hafifu ndiyo inayolipiwa.

Simu ziwekeni hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga. Huko katikati ya maji zinashika mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na hata kupokea simu ya mjukuu kunaweza kukutoza.

Kuna gharama nyingine ambazo meli haihusiki nazo kabisa. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, hapo mmepona. Lakini cheti cha homa ya manjano mtaulizwa, na kama meli inatia nanga Msumbiji, masharti ya huko yaulizeni mapema. Ongezeni ndege ya kwenda na kurudi, bima ya safari (daktari wa meli hatibu bure), na usiku mmoja wa hoteli Durban. Msifike siku ile ile ya kuondoka. Ndege ikichelewa, meli haingoji.

Jumapili nitapita Buruburu na ile bili yangu, ningali nayo, tuiweke kando ya tangazo lenu tusome mstari kwa mstari. Usitume arubuni kwa M-Pesa kabla sijafika, kwa sababu nyingi hazirudishwi. Na najua hujawahi kusafiri bila lile birika lako la umeme. Meli huwa zinayanyang'anya langoni, pamoja na pasi za nguo, kwa kuogopa moto. Liache nyumbani.

Mtoto wa kaka yako