Malalamiko: mlinitoza gundi ya kioo, mkabandika silikoni

Kibuli, Kampala
Aprili 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Vioo vya Magari,
Kampala

Ndugu Meneja,

YAH: KIOO CHA PEMBENI NYUMA, UPANDE WA KUSHOTO, TOYOTA WISH

Salamu, na poleni kwa kazi. Mwezi wa Februari gari langu lilifungwa kioo kwenye gereji yenu, na tangu mvua za Machi zianze linaingiza maji. Nimefika kaunta, nimepiga simu, nimezungumza na msimamizi wa mafundi. Jibu nililopewa ni kwamba dhamana yenu ya miezi sita inahusu kioo, haihusu maji. Jibu hilo silikubali, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza siku ile nilipoleta gari, na ahadi mliyonipa mlinipa kwa Kiswahili.

Kioo cha kwanza kilivunjwa na kokoto iliyorushwa na mashine ya kufyeka nyasi kando ya barabara, gari likiwa limeegeshwa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Vioo vya pembeni hukazwa kwa joto kiwandani, kwa hiyo vikipigwa pabaya havibaki na ufa kama kioo cha mbele, vinapukutika vyote kwa mara moja vikawa chenga. Hapo hakuna cha kuziba, ni kubadilisha tu. Ningeweza kwenda Kisekka, kwenye soko la vipuri vya magari, kama wanavyofanya majirani zangu wengi, na kwa bei ya chini kuliko yenu. Nilikuja kwenu kwa sababu ya neno moja la mhudumu wenu wa kaunta: kwamba nyinyi hambandiki kwa silikoni, mnabandika kwa gundi ile ile inayotumika viwandani.

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndipo penye shauri lote. Kioo ninachokilalamikia si cha mlango. Hakipandi wala hakishuki, hakina mota wala reli. Kimekaa nyuma kabisa, ubavuni mwa siti ya mstari wa tatu, na kinachokishika kwenye bodi ni gundi. Kwenye kioo cha namna hiyo gundi ndiyo kazi yenyewe. Kioo unaweza kukinunua popote na kukibeba mkononi. Mteja anayekuja gerejini analipia mkono unaojua kukibandika.

Nililipa shilingi 460,000. Risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, mliyonipa inataja vitu vitatu, na mliviandika wenyewe: kioo, gundi ya poliuretheni (ndiyo ile ya viwandani), ufundi. Kodi ya asilimia 18 imo humo humo. Nakala nimeiambatisha.

Kioo chenyewe sina ugomvi nacho. Mhuri wa kiwandani upo pembeni, kimekaa sawa na mstari wa bodi, na kile kiza chake kimepungua kidogo tu kuliko cha upande wa kulia, jambo ambalo mliniambia kabla sijalipa nikaridhika. Kijana aliyekifunga naye alikuwa na adabu na alifanya kazi kwa utulivu. Simshtaki yeye. Fundi hutumia anachokuta mezani, na mwenye meza ni kampuni.

Mvua ya kwanza kubwa ya Machi ilinyesha usiku. Asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma kupakia mabegi ya watoto nilipokelewa na harufu ya kapeti iliyolowa. Mimi huwapeleka shule watoto wangu na watoto wa majirani wawili tunaosaidiana, na wale wadogo ndio wanaokaa nyuma, bega kwa bega na kioo hicho. Begi la mmoja wao lilikuwa limebaki garini tangu jana yake. Madaftari yalikuwa yamevimba, wino umetambaa ukurasa hadi ukurasa, na hesabu zote za muhula hazisomeki tena. Mama yake hakunilaumu, lakini niliona haya kumkabidhi.

Niliwapigia simu siku hiyo hiyo. Nikaambiwa nilete gari likiwa kavu. Nikalileta likiwa kavu. Mtu wenu akapitisha kidole ukingoni mwa kioo kwa nje, akasema raba imekaa vizuri, labda maji yanatoka kwenye mlango wa nyuma. Hakufungua paneli. Hakumwaga hata kikombe cha maji. Mvua iliyofuata kapeti ikalowa tena, mara hii hadi chini ya siti. Na nikiwa njiani kwenda Bombo kumwona mama yangu, baada ya Matugga gari linapoanza kukimbia, kioo kinapiga mluzi mwembamba ambao hakikuwa nao hapo awali. Mahali upepo unapopita, maji nayo yanapita. Hilo halihitaji kusomea.

Kwa kuwa hamkutaka kufungua, nikalipeleka gari kwa fundi wa bodi Ndeeba, anayefanya kazi hii miaka mingi. Akaondoa paneli ya plastiki ya ndani, akaniweka nishike tochi, kisha akamwaga maji kwa nje polepole kuanzia juu. Sehemu ya juu haikuvuja. Ubavu haukuvuja. Alipofika kona ya chini kwa nyuma, maji yakatokeza ndani kama uzi, yakashuka juu ya bati hadi kwenye fundo la nyaya za taa za nyuma, yakaingia chini ya kapeti. Picha nimeambatisha, na video ninayo.

Kisha akaniita nisogee karibu. Akaingiza ukucha chini ya kile kinachoshika kioo, akavuta. Kikatoka utepe mrefu, laini, unaong'aa, haukubeba hata punje ya rangi. Akanipa niunuse. Ilikuwa harufu ya siki.

Ndugu Meneja, wewe unaijua harufu hiyo kuliko mimi. Hiyo ni silikoni ya vigae vya bafuni. Inapokauka hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo ikikutana na bati lililo wazi inaanza kulila. Na bati lilikuwa wazi. Mafundi wenu walipokwangua gundi ya zamani walikwangua hadi rangi ikatoka, mikwaruzo inaonekana wazi kwenye picha, mirefu, imefuata njia ya kisu. Gundi ya zamani haitakiwi kukwanguliwa hadi chini. Huachwa utando mwembamba uliosawazishwa, gundi mpya ikashikana nao, na kisu kikiteleza kikagusa bati, pale panapakwa praima, yaani dawa ya awali ya kulinda bati na kushikisha gundi, kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye gari langu hakuna praima popote, si kwenye bati wala kwenye ule ukanda mweusi wa ukingo wa kioo. Kutu imeshaanza, rangi ya chungwa, kwenye mikwaruzo miwili ya kona ile ile inayovuja.

Jambo jingine alilonionyesha lilinitia uchungu zaidi kuliko maji. Chini ya paneli, kwenye mfereji wa bodi, chenga za kioo cha zamani zilikuwa bado zimelala humo. Hazikufyonzwa wala kufagiwa. Nyingine zilikuwa zimeteremka hadi kwenye kifungio cha mkanda wa siti ya mtoto. Mtoto wa miaka sita anaingiza vidole pale kila asubuhi. Kumalizia kazi kwa mashine ya kuvuta vumbi ni dakika chache, na gerejini kwenu nimeiona mashine hiyo kwa macho yangu, imesimama karibu na kaunta.

Nilirudi kwenu na picha hizo. Msimamizi wa mafundi alizitazama kwenye simu yangu, akasema, "Mama, kioo kimeshika, hakijaanguka. Lete gari tuongeze silikoni kwa nje, maji yataacha." Nilipomuuliza kuhusu ile gundi iliyoandikwa kwenye risiti, akasema siku ile ya kufunga kioo ilikuwa imekwisha stoo.

Basi mlijua. Gundi ilikuwa imekwisha, mkabandika kitu kingine, mkanitoza gundi ambayo haikuwapo. Mngeniambia nirudi kesho ningerudi kesho. Gari lingelala nyumbani na nailoni dirishani, nami ningesubiri bila neno. Nikaruhusiwa kuondoka nikiamini watoto wa watu wamekaa karibu na kioo kilichofungwa sawasawa.

Hiyo silikoni ya kuongeza kwa nje siitaki, na naomba fundi yeyote wa kwenu asiliguse gari langu nayo. Sababu ni ya kikazi. Silikoni ikishapakwa, hakuna gundi nyingine inayoshika juu ya mabaki yake. Kila tabaka mtakaloongeza litafanya kazi ya kuisafisha iwe ngumu zaidi, na maji yaliyokwishaingia yatafungiwa ndani pamoja na kutu. Fundi wa Ndeeba alikataa kukibandika kioo upya kwa sababu hiyo hiyo: alisema kusafisha silikoni hadi iishe ni kazi kubwa kuliko kufunga kioo, na wanaopaswa kuifanya ni walioipaka. Nilimheshimu kwa kusema hivyo, maana angeweza kuchukua pesa yangu akanyamaza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni bati la gari. Leo ni mikwaruzo miwili. Tukivuka mvua hizi bila kugusa kitu, itakuwa kazi ya kukata na kuchomelea.

Ninachotaka ni hiki. Mkitoe kioo kwa waya wa kukatia gundi, bila kukivunja. Msafishe silikoni yote, kwenye bati na kwenye kioo, hadi isibaki hata alama. Kutu ikwanguliwe, pakwe praima na rangi. Kioo kibandikwe kwa gundi ya poliuretheni ambayo tarehe yake ya mwisho haijapita. Tarehe huchapwa kwenye tyubu, na ninataka kuiona kabla haijafunguliwa. Chenga zote zifyonzwe. Gari likae kwenu kwa muda ulioandikwa na watengenezaji wa gundi, lisiharakishwe kutoka ili nafasi ipatikane. Na kabla paneli haijarudishwa, mmwage maji nikiwa nimesimama hapo na tochi yangu, kuanzia juu hadi ile kona ya chini. Gharama niliyotumia kukausha kapeti na malipo ya fundi wa Ndeeba nazo mnirudishie. Risiti zimo ndani ya bahasha.

Kama hamna gundi, au hamna fundi anayeweza kazi hiyo, semeni hivyo kwa maandishi na mnirudishie shilingi 460,000 zote pamoja na gharama ya kusafisha silikoni, nami nitatafuta pengine. Sitawadai zaidi ya hapo.

Kuhusu dhamana inayohusu kioo peke yake: karatasi yenu ya dhamana nimeisoma, imeandikwa "kioo na ufungaji". Neno ufungaji limo. Hata lisingekuwamo, Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayetoa huduma aifanye kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na bidhaa iliyoelezwa kwa mteja ifanane na ile aliyopewa. Mliniuzia poliuretheni, mkanipa silikoni. Sidhani kama kuna namna ya kulieleza hilo likaeleweka vingine.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka dai langu mahakamani chini ya utaratibu wa madai madogo, unaosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10 bila haja ya kuweka wakili. Sitaki kufika huko. Nina kazi zangu, na nyinyi mna zenu.

Kwa sasa siti ya nyuma nimeikunja na watoto wadogo wanabanana katikati. Mtoto mmoja wa jirani imebidi apelekwe shule kwa bodaboda, kwa kuwa nafasi haitoshi. Mvua za mwezi huu bado ni nzito, na kila inapotanda nalifunika gari kwa turubai upande wa kushoto. Naomba mnipangie siku ya kulileta, na mnitajie jina la fundi atakayelishika.

Simu yangu mnayo kwenye kadi ya kazi. Napatikana baada ya saa kumi jioni.

Wenu,

Mteja wenu,
mwenye Toyota Wish ya kijivu,
Kibuli

Viambatisho: nakala ya risiti, karatasi ya dhamana, picha za kona inayovuja, mikwaruzo na chenga za kioo, pamoja na kipande cha silikoni kilichotolewa, kwenye mfuko wa plastiki.