Mjamzito mwenye kifafa aulizwe jina la dawa yake

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi nina kifafa tangu darasa la tano na nimemeza valproeti miaka mingi, mimba yangu ya kwanza ikiwemo, na siandiki kulaumu dawa manake ndo iliyoniondoa kwenye kuanguka jikoni nikaungua mkono.

Ila hapa Moshi mawingu yakifunguka asubuhi watu tunaambiana mlima umetoka, basi mwanangu tangu ana miaka minne ukimwambia angalia Kibo anauliza uko wapi, sisi tunacheka, huyu naye kwa utani! Kumbe mtoto haoni mbali kabisa. Kaanza shule mwalimu ananiambia mvivu, hanakili ubaoni. Daktari wa macho ndo akaniuliza swali ambalo kliniki nzima ya ujauzito hakuna aliyeniuliza: mama, ulikuwa unameza dawa gani?

Akasema watoto waliopata valproeti tumboni wapo wanaokuja kuwa na shida ya kuona mbali au makengeza, ingawa kwa huyu wangu hawezi kuapa kuwa ni dawa, maana macho ya hivo hata watoto wengine wanayo. Yaliyo wazi zaidi ni mengine, kwamba karibu mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro kama mgongo wazi, na 3 hadi 4 kati ya 10 wanachelewa kuongea, kutembea au kuelewa mambo. Ulaya walibana masharti ya dawa hii 2018, na 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe.

Sasa dada zangu msiende kutupa vidonge leo, ukiacha ghafla kifafa kinarudi kwa nguvu na kinaweza kukuua wewe na mtoto. Nenda kwa daktari kabla ya mimba, muulize kama dawa nyingine ya kifafa, lamotrijini au levetirasetamu, itakufaa, na vidonge vya vitamini ya foliki asidi uvianze mapema.

Na manesi wetu, mkisikia kifafa andikeni jina la dawa, kadi yangu iliandikwa "yuko kwenye dawa" basi. Mtoto wa mama kama mimi naomba apimwe macho kabla hajaingia la kwanza.

Wangu siku ya kwanza na miwani alisimama getini akiangalia mlima mpaka uji ukapoa, halafu akaniuliza mama ule weupe kule juu ni nini.

Mama wa watoto wawili,
Majengo, Moshi