Risala ya Watumishi wa Hospitali ya Wilaya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Kufanya Kazi kwa Kuaminiana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu; Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri; Mganga Mkuu wa Wilaya; Mganga Mfawidhi; viongozi wa chama cha wafanyakazi; wawezeshaji wa mafunzo; watumishi wenzetu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa niaba ya watumishi wa hospitali hii tunayo heshima kubwa kukukaribisha, na kukushukuru kwa kukubali kuja kufunga mafunzo haya licha ya majukumu mengi uliyonayo. Waliohudhuria si madaktari na wauguzi peke yao. Wamo wafamasia, wateknolojia wa maabara, makarani wa mapokezi, wahudumu wa afya, walinzi na madereva wa magari ya wagonjwa, kwa kuwa mama mjamzito anayefikishwa hapa usiku wa manane hupita mikononi mwa karibu wote hao, na mmoja akinyamaza pale alipopaswa kusema, jitihada za waliobaki huweza kupotea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tumezoea kudhani kwamba kuaminiana kazini huletwa na bonanza la michezo, fulana za rangi moja na chakula cha pamoja mwisho wa mwaka. Hayo ni mambo mema na tunaomba yaendelee. Hata hivyo, muuguzi aliyeajiriwa juzi, akiona kuwa dozi iliyoandikwa kwenye faili la mgonjwa imezidi, hatapata ujasiri wa kumwambia daktari kwa sababu tu waliwahi kuvuta kamba pamoja. Ataupata endapo aliona mwenzake aliyetangulia kusema akisikilizwa na kujibiwa kwa heshima, badala ya kufokewa mbele ya wagonjwa. Kwa hiyo tunaamini kwamba kuaminiana hujengwa ndani ya kazi yenyewe, katika taratibu ndogo zinazorudiwa kila siku, na kwamba mwenye cheo kikubwa ndiye anayepaswa kuanza.

Ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa nchini. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji katika hospitali nane za miji minane duniani. Pamoja na miji kama London, Toronto na Seattle, ulikuwemo mji wetu wa Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha hiyo ina vipengele 19 tu, vinavyosomwa kwa sauti katika hatua tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja, yaliyochapishwa Januari 2009, yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara yaliyowapata wagonjwa baada ya upasuaji yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Baadhi ya vipengele hivyo havihusu dawa wala vifaa. Kimojawapo kinataka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi.

Katika chumba chetu cha upasuaji utaratibu huu unafuatwa, na tungependa uufahamu kwa karibu. Daktari husimama mikono ikiwa imeshavalishwa glavu, akasubiri. Mtaalamu wa usingizi hujitaja, kisha muuguzi, kisha mhudumu aliyemsukuma mgonjwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mwisho wa kazi, muuguzi huhesabu kwa sauti vitambaa vyote vilivyotumika kufyonza damu, na hesabu isipolingana na ile ya mwanzo, daktari hafungi mshono hata kama saa zimekwenda na mgonjwa mwingine anasubiri. Wakati huo neno la muuguzi ndilo linaloamua. Aliyesikilizwa kwa namna hiyo mara kwa mara huizoea sauti yake mwenyewe, na huipeleka hadi wodini, maabara na kwenye kikao cha ripoti ya asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Wawezeshaji walitueleza pia utafiti wa Amy Edmondson wa Marekani, aliyechunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996. Alikuta kwamba wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano mzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba watumishi wa wodi hizo hawakuogopa kuyasema. Tunalisisitiza hili mbele yako kwa sababu viongozi wetu hupokea taarifa na takwimu kutoka vituo vingi, na kituo kisicho na kosa lolote kwenye daftari huweza kupongezwa wakati kinastahili kuulizwa maswali.

Zipo changamoto. Makabidhiano ya zamu bado hufanyika kwa haraka, hasa jioni, kwa kuwa anayetoka anawahi usafiri. Ratiba ya zamu za usiku na orodha ya posho ya muda wa ziada hazibandikwi kwa wakati, na pale ambapo mtumishi hajui kwa nini mwenzake amelipwa na yeye hajalipwa, minong'ono huanza, na mafunzo ya namna hii hayawezi kuiondoa. Baraza la Wafanyakazi, chombo ambacho misingi yake iliwekwa na Tangazo la Rais Namba 1 la mwaka 1970 ili watumishi washiriki katika uendeshaji wa mahali pao pa kazi, hukutana zaidi wakati wa bajeti, na majibu ya hoja zetu huchelewa kurudi.

Tunaomba basi ofisi yako isaidie Baraza likutane kwa ratiba yake na hoja zijibiwe kwa maandishi, na orodha za zamu na posho zibandikwe wazi kila mwezi. Ombi letu kubwa zaidi linahusu vikao vya mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Mwongozo wa vikao hivyo unataka tutafute chanzo cha kifo bila kumtaja wala kumlaumu mtu. Mlevi kazini na mwizi wa dawa washughulikiwe kwa sheria za utumishi bila huruma, lakini mtumishi aliyeeleza kwa uaminifu kilichotokea mikononi mwake asipewe barua ya uhamisho wiki inayofuata, kwani barua moja ya aina hiyo hunyamazisha wodi nzima.

Mwisho, tunakualika siku yoyote utakayopenda kuhudhuria ripoti yetu ya asubuhi, ukae nasi kama msikilizaji, umsikie muuguzi wa zamu ya usiku akieleza usiku ulivyokuwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.