Kabla hatujakupa bei ya mchoro, tuonyeshe ukuta

Mteja akitupigia simu kuulizia bei ya mchoro wa ukutani, sisi humjibu kwa maswali. Ukuta ni wa tofali za saruji au wa mawe na chokaa? Ulipigwa plasta lini? Unatazama baharini? Wengine hukereka, maana walitegemea kutajiwa bei ya mita ya mraba, waombe punguzo, yaishe. Tunawaelewa. Ila hapa Bagamoyo, bei iliyotajwa kabla ya ukuta kuonekana huzaa ugomvi masika yakipita.

Mchawi ni chumvi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa kizuizi cha unyevu kwenye msingi, hivyo maji hupanda kutoka ardhini kupitia ukutani yakiwa yamebeba chumvi. Yakifika kwenye uso wa plasta hukauka, chumvi hubaki, na ule unga mweupe unaouona ndio unaoisukuma rangi mpaka ikabanduka vipande vipande. Watu huita fangasi na kwenda kununua dawa. Dawa haisaidii, kwa sababu hapo hakuna kiumbe cha kuua. Nyumba mpya nazo hazijasalimika: plasta ikichanganywa na mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, chumvi imo tangu siku ya kwanza.

Nyumba za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo zina lake. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka rangi ya mafuta au kuuziba kwa plasta ya saruji, unyevu unakosa njia, rangi inavimba malengelenge, kisha plasta inaanguka pamoja na mchoro wako. Majengo ya kihistoria pia yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo huko hatuchovyi brashi bila kibali cha maandishi. Ukisikia fundi anakwambia “tutapaka usiku, nani ataona”, huyo mwache.

Hapa ndipo maombi ya michoro ya mtindo wa Tingatinga yanapotupa kazi. Kila mwenye nyumba ya wageni anataka twiga na ndege wa Tingatinga ukutani, wenye mng’ao uleule. Mng’ao ule ni wa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, ambayo Edward Saidi Tingatinga aliitumia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini yeye alipaka juu ya mbao laini za hadibodi zilizo kavu, hakupaka juu ya ukuta unaonyonya maji ya ardhini. Kwa hiyo ukitaka mng’ao huo, tunakuchorea kwenye mbao za plaiwudi ya kustahimili maji, tunaziba kingo zake kwa rangi, kisha tunazifunga ukutani kwa vipande vinavyoacha nafasi ya hewa nyuma. Ukihama, unahama nazo. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa nusu ya wateja wetu, ingawa wachache huipenda mwanzoni.

Tukija kuukagua ukuta, usishangae kutuona tunabandika kipande cha nailoni kama ukubwa wa daftari, kingo zote nne zimezibwa kwa utepe wa gundi. Kinakaa hadi kesho yake. Kikibanduliwa kina matone upande wa ndani, au plasta chini yake imekolea rangi kuliko ya pembeni, ukuta bado una maji na hatupaki. Kikiwa kikavu, tunapitisha kiganja: kikitoka na unga, plasta imechoka, itakwanguliwa kwa brashi ya waya na kupigwa praima kwanza. Plasta mpya tunaipa siku 28, kwa kuwa ukali wa saruji mbichi hula rangi. Kazi hii yote haionekani kwenye picha utakayorusha mtandaoni, na mara nyingi hugharimu zaidi ya kuchora kwenyewe.

Msimu nao una bei yake. Kuanzia Machi hadi Mei hatuchukui kazi za nje. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yetu, kabla vuli haijaanza, na nafasi hujaa mapema kwa sababu kila mtu anataka ukuta wake uwe tayari wageni wa tamasha la sanaa watakapofika. Mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981 una wachoraji wa kutosha. Kinachokosekana ni siku kavu.

Kuhusu nini kichorwe: ukuta ni mali yako, lakini macho ni ya mtaa. Mchoro ukiwa unaelekea barabarani tunapita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa majirani, tukiwa na rasimu ya rangi kwenye karatasi. Karibu na msikiti hatuchori watu wala wanyama. Tunachukua nakshi za milango, maua na mawimbi, na mara nyingi ukuta huo ndio unaopendeza kuliko wote. Mama mmoja anayeuza vitumbua mbele ya duka la mteja aliitazama rasimu yetu ya jahazi akasema tanga limefungwa upande usiofaa. Mumewe ni mvuvi. Tulilichora upya pale pale kwa mkaa, naye akasimama mpaka aliporidhika. Kikao cha ofisini kisingeligundua lile.

Kitu kingine wateja husahau: mchoro wenye jina la biashara yako au nembo ya bidhaa unaweza kuhesabiwa kuwa tangazo, na mabango yana ushuru. Uliza halmashauri kabla, si baada ya kuletewa karatasi. Mkataba wetu pia unaeleza nani ana haki ya kuutumia mchoro kwenye fulana, kalenda au matangazo. Usipousoma ukurasa huo utakuja kutununia bure.

Na kwa wanaouliza kwa nini bei yetu inamzidi kijana wa mtaani mwenye makopo yake: kazi za kuta ndizo zinazolipa pango, umeme wa LUKU na karatasi za darasa la watoto la Jumamosi, ambalo hatulitozi ada. Wakubwa wa darasa hilo hushiriki kwenye kuta za chini, kupiga miraba kwa uzi wa chaki na kujaza rangi za mwanzo, chini ya mchoraji mzoefu. Juu ya jukwaa la kuchorea kuta ndefu hawapandi, hata mzazi akiruhusu.

Ukiwa tayari, tutumie picha tatu za ukuta: moja asubuhi, moja saa tisa alasiri jua likiwa kali, na moja ya sehemu ya chini kabisa, pale ukuta unapokutana na ardhi. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoiangalia kwanza. Ukaguzi ndani ya Bagamoyo mjini ni bure. Nje ya hapo unalipia nauli ya bodaboda. Nusu ya malipo hutolewa nailoni ikishabanduliwa kavu.