Tani za mbuta hazitoshi kutuonyesha hali ya ziwa

Mhariri,

Kila habari za uvuvi wa Ziwa Victoria zinapochapishwa, kinachotangulizwa ni tani: mavuno yamepanda, mavuno yameshuka. Sisi tunaofuatilia uvuvi wa mbuta (sangara) hapa Kisumu tunaona kwamba takwimu hiyo ikiachwa peke yake inapotosha, na tunaomba nafasi tueleze kwa nini.

Tuseme chombo kimoja cha ufuo wa Usenge kilikuwa kikitega nyavu 40 na kurudi na kilo 60. Hiyo ni kilo moja na nusu kwa wavu. Miaka michache baadaye chombo kile kile kimefungwa injini, kinafika mbali zaidi, kinatega nyavu 80 na kuleta kilo 72. Kwenye daftari la mizani mavuno yamepanda. Kwa kila wavu yameshuka hadi gramu 900. Karani wa BMU, kamati inayosimamia ufuo wa wavuvi, akiandika kilo bila idadi ya nyavu, upana wa matundu, saa ambazo nyavu zilikaa majini, na kama chombo kinaendeshwa kwa injini, tanga au kafi, hakuna mtaalamu atakayeweza baadaye kulitoa jibu ndani ya daftari hilo. Kwa wanaotumia ndoano, idadi ya ndoano na ukubwa wake vichukue nafasi ya nyavu.

Kilo kwa wavu nayo ina mtego wake. Kuelekea mwisho wa mwaka hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, maji ya chini ziwani hujitenga na ya juu na kupungukiwa oksijeni. Mbuta hukikimbia kina na kusongamana juu na kandokando. Nyavu hujaa, watu wakadhani samaki wameongezeka. Katikati ya mwaka upepo huyachanganya maji na samaki hutawanyika tena. Kwa hiyo Februari ilinganishwe na Februari, Julai na Julai.

Kipimo tunachokililia zaidi ni urefu. Mipaka iliyokubaliwa ziwani kwa mbuta wa kuvuliwa ni sentimita 50 hadi 85. Chini ya 50, mbuta wengi bado hawajazaa. Majike hukomaa wakiwa wakubwa kuliko madume. Juu ya 85 wengi ni majike, na jike kubwa hubeba mayai mengi mno kuliko dogo. Uzito nao huenda kwa mchemraba wa urefu, hivyo mbuta wa 85 ana uzito wa karibu mara tano ya yule wa 50. Anayemvua mdogo anauza sehemu ndogo ya samaki ambaye angempata akisubiri. Upande wa wakubwa shinikizo linatoka kwenye bondo, kile kifuko cha hewa ambacho bei yake hupanda kadiri kinavyokuwa kikubwa. Mpaka wa juu unavunjwa kwa sababu ya kiungo kimoja tu cha samaki, na hilo linatuuma.

Kupima hakuhitaji maabara. Chukua ubao wa mita moja na nusu, pigilia kibao kilichosimama upande mmoja, gandisha utepe wa kupimia juu yake. Samaki alazwe ubavu, mdomo umefungwa na kugusa kibao, usomwe mwisho wa mkia. Utepe usipitishwe juu ya tumbo, kwani mviringo wa tumbo huongeza sentimita kadhaa na kumpitisha samaki asiyefaa. Kosa jingine la kawaida ni kukadiria: wa 48 na wa 49 wote huandikwa 50, na kilele cha uongo huchomoza palepale kwenye mpaka. Andika unachokiona. Siku za kupima zichaguliwe kwa bahati nasibu mwanzoni mwa mwezi, zikiwemo siku za samaki wachache. Vyombo navyo visiwe vile vinavyotangulia kufika, kwa kuwa aghalabu ndivyo vyenye injini. Samaki wakiwa wengi, jaza kasha moja bila kuchagua, pima wote waliomo, kisha andika uzito wa kasha na uzito wa shehena nzima.

Mahali ambapo takwimu huharibika hata kabla ya ubao kutolewa ni majini. Mbuta wadogo huhamishiwa chombo kingine au huuzwa kabla chombo hakijatia nanga, na karani hupokea wale halali tu. Takwimu za viwandani zina upofu uleule: kiwanda kinachokataa walio chini ya 50 hakiwezi kutuambia ni wangapi wamevuliwa. Hata mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kuondolewa, unaouzwa mtaa wa Obunga hapa Kisumu, ambao mara nyingi ungali na kichwa na mkia na unaweza kupimwa, unatuonyesha tu samaki waliopita kiwandani.

Zipo pia safari za utafiti ambapo chombo hutuma sauti majini na kuhesabu mwangwi unaorudishwa na samaki. Zinafaa sana katika maji ya wazi. Penye kina kifupi na magugu, kama sehemu nyingi za Ghuba ya Winam, hazioni vizuri, na mwangwi wa omena (dagaa) na wa fulu (samaki wengine wadogo wa ziwa) hauachani kirahisi bila kuvua kidogo ili kuthibitisha. Ndiyo maana daftari la ufuoni bado linahitajika.

Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya ziwa hili, na Mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa saini papa hapa Kisumu mwaka 1994. Tunapendekeza nchi tatu za ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania, ziandike mapema hatua zitakazofuata: kilo kwa wavu zikishuka miaka miwili mfululizo katika miezi ileile, huku mbuta wa zaidi ya 85 wakizidi kuadimika, leseni za vyombo na idadi ya nyavu zipunguzwe mwaka unaofuata bila mjadala mpya. Kiwango cha kupunguza kikubaliwe sasa, kabla hakujawa na mtu wa kulaumiwa.

Nalo gazeti lenu, likipewa tani, liulize mambo mawili kabla ya kuchapisha: zilivuliwa kwa nyavu ngapi, na samaki walikuwa na urefu gani.

Wasomaji wenu,
Kisumu